Mfinyanzi laini na ubavu wake: shajara ya mradi wa jioni

Wiki ya 1

Tuta lenyewe ni la kawaida kabisa: barabara inayonyanyuliwa mita mbili kuvuka bonde la mto karibu na bahari. Chini yake kuna mfinyanzi laini wa kijivu, ule ambao ukiukanyaga baada ya mvua unabaki na kiatu chako. Ripoti ya udongo iliyofika mezani kwangu inatoa namba moja ya ukakamavu kwa kila tabaka. Moja tu. Ni kusema udongo ule unajibu vilevile, uusukume kutoka juu au uusukume kutoka ubavuni.

Haujibu vilevile, na sababu iko katika namna ulivyozaliwa. Chembe za mfinyanzi si punje kama za mchanga. Ni bapa, nyembamba mno, na zinapotua majini kisha tope jipya likazilalia, nyingi huishia zimelala. Uzito unaongezeka juu mwaka hadi mwaka, pembeni hakuna pa kutanukia, kwa hiyo udongo wote unabonyea kwenda chini tu. Vijana wa mafunzo kwa vitendo huwa nawaeleza kwa chapati zilizojaa kwenye hotipoti: bonyeza kutoka juu, zinashuka, sukuma kutoka ubavuni, kila chapati inakaza kama ubao. (Mfano una kasoro, maana chapati iliyo nje ya hotipoti hujikunja. Lakini udongo ulioko ardhini nao hauna pa kujikunjia.)

Kwa hiyo mradi wangu wa jioni ni huu: kwa mashine moja ya traiaksia (inayobonyeza sampuli kutoka juu huku maji yakiibana pembeni), laptopu, na bomba mbili za sampuli zilizobaki, nijue ukakamavu wa mlalo unauzidi wa wima kwa kiasi gani, na kama tofauti hiyo inabadilisha lolote kwenye tuta langu. Wenzangu wanaita kitu hiki anisotropia. Mimi nitakuwa naandika w kwa wima na m kwa mlalo, basi.

Udongo ambao ni sawa pande zote unatosheka na namba mbili, moduli ya Young (E, ukakamavu wenyewe) na uwiano wa Poisson (ν, kiasi unavyotanuka pembeni ukibonyezwa). Udongo uliolala matabaka unadai tano: Ew, Em, viwango viwili vya Poisson, na ukakamavu wa kukatika (tabaka kuteleza juu ya jingine) kati ya wima na mlalo. Sampuli ya kawaida iliyosimama kwenye mashine haiwezi kutoa zote tano hata ukeshe nayo, inatoa tatu. Hapo ndipo nawashukuru watafiti Graham na Houlsby, ambao mwaka 1983 walifanya mapatano na ukweli: chukua namba tatu tu, E, ν na alfa. Ukakamavu wa mlalo ni alfa mara alfa mara ule wa wima. Ukakamavu wa kukatika ndani ya tabaka ni alfa mara ule wa kukatika kati ya tabaka na wima. Walifanyia kazi mfinyanzi wa Winnipeg, Kanada, uliotua kwenye sakafu ya ziwa la kale la Agassiz, na wakapata Em karibu mara 1.8 ya Ew. Huo ndio mfano nitakaojipimia.

Wiki ya 2

Programu imeandikwa kwa Python, mistari isiyozidi mia. Jioni tatu zimepotea kwa kosa moja.

Uwiano wa Poisson wa kusukuma wima na kupima mlalo si ule wa kusukuma mlalo na kupima wima. Sharti ni kwamba ukigawanya kila mmoja kwa moduli ya upande unaosukumwa, majibu yalingane. Kwenye mapatano ya alfa, wa kwanza ni ν ugawanye kwa alfa, wa pili ni ν mara alfa. Mimi niliandika "gawanya" kote kuwili. Matriksi, yaani jedwali la namba linalounganisha mkazo na mbonyeo, ikapoteza ulinganifu, lakini kila jaribio la upande mmoja lilitoa jibu linaloaminika, kwa hiyo sikushtuka.

Nilichoshtukia ni mzunguko. Niliongeza mkazo mlalo, nikaongeza wima, nikatoa mlalo, nikatoa wima, nikarudi nilikoanzia. Udongo ambao ni springi tupu unatakiwa uwe umerudisha kazi yote niliyoufanyia. Wa kwangu ulirudisha zaidi. Ningeuchimba na kuuza umeme. Tangu hapo jaribio la mzunguko nimeliweka mstari wa kwanza wa programu, likigoma hakuna kinachoendelea.

Baada ya kusahihisha, nikauliza swali lililonivutia tangu mwanzo. Sampuli imejaa maji, bomba la kutolea maji limefungwa, unaibonyeza kutoka juu. Wastani wa mkazo unaobebwa na chembe zenyewe, p', unaelekea wapi kadiri tofauti ya wima na mlalo, q, inavyopanda? Kwa springi iliyo sawa pande zote p' haiendi popote, njia inapanda wima. Nikiweka ν 0.2 na alfa 1.2, p' inashuka 0.13 kwa kila kizio kimoja cha q. Alfa 1.34, yaani mfinyanzi wa Winnipeg, inashuka 0.21. Alfa 1.5, inashuka 0.29. Alfa 2, inashuka 0.47. Ukiipandisha alfa hadi mbinguni, mteremko unaishia theluthi mbili. Ukiiteremsha hadi sifuri, njia inalalia upande wa pili na kuishia theluthi moja.

Kwa hiyo njia inayolalia kushoto kwenye grafu, kabla udongo haujaanza kulegea, ni ubavu mgumu unaoongea. Miaka yote nimeziona njia hizo kwenye ripoti, na nilidhani ni sampuli mbovu.

Wiki ya 3

Jaribio la kwanza. Sampuli milimita 38 kwa 76, imesimama kama ilivyokuwa ardhini. Kipimo cha kubonyeza kwenye pete kilikwishaonyesha udongo huu uliwahi kubeba karibu kPa 90, kwa hiyo nikiwa chini ya hapo natarajia uishi kama springi, angalau kwa adabu. Nimejaza maji, B (kipimo cha jinsi sampuli ilivyojaa maji, moja ikiwa ni kujaa kabisa) imefika 0.97, nimegandamiza sawa pande zote hadi kPa 50, nikasubiri, nikaongeza hadi 60, nikasubiri tena. Kisha nikafunga bomba na kubonyeza kutoka juu hadi q ya kPa 20.

Shinikizo la maji lilipanda kPa 10.2. Gawanya kwa 20: 0.51. Hii ndiyo A ya Skempton, ya mwaka 1954, yaani sehemu ya q inayogeuka kuwa shinikizo la maji, na kila mwanafunzi amewahi kuambiwa kwamba kwa udongo wa springi, sawa pande zote, A ni theluthi moja. Ziada ya 0.18 ndiyo mteremko wa njia kwenda kushoto.

Nikafurahi, nikaanza kutafuta uthibitisho wa pili. Kwenye hatua ya 50 kwenda 60 nilikuwa nimesukuma sawa pande zote. Kama ubavu ni mgumu kuliko wima, sampuli itafupika zaidi kuliko inavyosinyaa kiuno. Nikaiuliza programu: kwa mfinyanzi wa Winnipeg, kufupika kwa urefu ni sehemu gani ya kupungua kwa ujazo? Ikajibu 0.543. Nikaiuliza A ya udongo huohuo. 0.543.

Nilidhani nimebonyeza kitufe kilekile mara mbili. Nikabadilisha alfa, nikabadilisha ν, namba mbili zikaendelea kufuatana hadi desimali ya mwisho. Ilinibidi nichukue kalamu. Ni ulinganifu uleule wa matriksi ulionisumbua wiki iliyopita: kiasi ambacho kubonyea kwa ujazo kunavuta q, na kiasi ambacho kubadilika umbo kunavuta p', ni namba moja iliyovaa nguo mbili. Jaribio la kufungia maji na jaribio la kugandamiza pande zote yanauliza swali lilelile.

Kwanza nilikasirika kidogo, maana nilitaka habari mbili nikapata moja. Baadaye nikaona nimepewa mizani. Udongo ukiwa kweli unaishi kama springi, na vipimo vikiwa safi, namba hizo mbili lazima zikutane kwenye sampuli ileile. Zisipokutana, kuna anayedanganya.

Hatua ya 50 kwenda 60: maji yaliyotoka sentimita za ujazo 0.62, kati ya 86.2, yaani asilimia 0.72. Urefu ulipungua milimita 0.36, asilimia 0.47. Uwiano 0.66.

0.66 na 0.51. Kuna anayedanganya.

Wiki ya 4

Nilikwishaanza kumshuku mchimbaji, kisha usafiri, kisha joto la maabara. Nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu muundo wa udongo kuvunjika, karibu niyaandike kwenye ripoti. Fundi wetu wa maabara ni mama mtu mzima ambaye wote tunamwita Mama tu. Alikuwa anaosha mawe ya vinyweleo, yale yanayopitisha maji juu na chini ya sampuli, nilipomsimulia. Hakugeuka.

"Injinia, na karatasi umeipima?"

"Karatasi gani, Mama?"

"Hiyo ya kuchujia. Juu moja, chini moja. Nayo si inabonyea? Geji yako iko nje huko, inasoma kila kitu kinachoshuka."

Nilikaa kimya kwa muda. Geji yangu imefungwa nje ya seli, chumba kinachoshika sampuli, kwenye nguzo. Inasoma udongo, na karatasi mbili, na mawe mawili, na nafasi ndogo pale ambapo uso wa sampuli haukukatwa ukanyooka. Yote hayo naiandikia mfinyanzi. Ujazo hausumbuki sana, kwa kuwa unapimwa kwa maji yaliyotoka. Urefu ndio unaoongezewa chumvi, na ukiongezewa chumvi, udongo unaonekana laini zaidi kwenda wima, kwa hiyo una anisotropia kubwa kuliko uliyo nayo. Nusu ya ugunduzi wangu ilikuwa karatasi. Watu wa Imperial College, London, waliandika kuhusu balaa hili miaka ya 1980, wakaanza kufunga vipimo ubavuni mwa sampuli yenyewe, ndani ya seli. Sisi hatuna hivyo.

Mama akatoa kipande cha alumini kabatini, kipenyo kilekile, urefu uleule. Tukakivisha karatasi, mawe na mpira kama sampuli, tukapitisha hatua ya 50 kwenda 60. Alumini haibonyei kwa kiasi ambacho geji yangu inaweza kuona. Geji ikasoma milimita 0.05.

Ukitoa hiyo, urefu ulipungua 0.31, asilimia 0.41, na uwiano unakuwa 0.57. Umbali kutoka 0.51 umebaki 0.06. Geji inasoma hadi milimita 0.01, na mistari mitatu tu ya geji ingetosha kuziba pengo lote. Kipande cha alumini hakiwezi kuniambia uso wa mfinyanzi ulikaaje kwenye jiwe. Naikubali 0.51 kuwa ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu haina geji ya urefu ndani yake hata kidogo: ni shinikizo la maji na mzigo basi. Ile 0.57 ni shahidi anayekubaliana kwa ujumla lakini macho yake hayaoni vizuri.

Wiki ya 5

Mvua. Umeme ulikatika katikati ya hatua, pampu ikasimama, sampuli ya pili ikapumua na kuvimba. Imetupwa.

Wiki ya 6

Sasa, 0.51 inamaanisha Em ni mara ngapi ya Ew? Nilitarajia jibu moja. Programu inasema inategemea ν. Nikiweka ν 0.1, Em ni mara 1.86. Nikiweka 0.2, ni 1.64. Nikiweka 0.3, ni 1.43. Kipimo ni kilekile, udongo ni uleule.

Kinadharia ningeipata ν kwa kulinganisha ukubwa wa ukakamavu kwenye hatua mbili, ujazo dhidi ya umbo. Nilijaribu. Ikaja uwiano wa Poisson hasi, yaani udongo unaobonyezwa kutoka juu ukasinyaa kiuno. Tatizo si nadharia. Ukakamavu wa mfinyanzi unashuka haraka kadiri mbonyeo unavyokua, nami nilikuwa nalinganisha asilimia 0.72 ya ujazo na asilimia 0.25 ya urefu. Ni kama kulinganisha kasi ya mtu mwanzo wa mlima na kasi yake akiwa karibu na kilele, kisha ukasema ni watu wawili. Uwiano ndani ya hatua moja unavumilia hilo. Ukubwa kati ya hatua mbili hauvumilii.

Kuna njia ya tatu, ya mawimbi: vipande vya piezo (vinavyotikisika vikipewa umeme) vinavyochomekwa kwenye sampuli, kimoja kinatikisa, kingine kinasikiliza, na kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe kisha kwa masi ya udongo kwa ujazo inatoa ukakamavu wa kukatika moja kwa moja. Geuza vipande, upate ule wa ndani ya tabaka, gawanya, ndiyo alfa. Nimepiga hesabu. Kwa alfa 1.28 kasi mbili zinatofautiana kwa asilimia 13. Kwenye umbali wa milimita 32 kati ya ncha, na wimbi linalokwenda mita 60 kwa sekunde, tofauti ni milisekunde 0.06. Inasomeka vizuri kwa osiloskopu. Osiloskopu ninayoweza kuazima iko chuoni, na foleni yake ni ndefu kuliko ya mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Wiki hii pia nimejibu swali la pili, la tuta, na jibu limenishusha pumzi. Chini ya katikati ya tuta pana, mita 2 za kifusi ni takriban kPa 38 kwenda chini. Tuseme mlalo unaongezeka kPa 23. Kwa A ya theluthi moja, maji yanapanda kPa 28. Kwa A ya 0.51, kPa 30.7. Asilimia tisa na kitu. Kwa hilo nisingemwamsha mtu usingizini.

Lakini mahali ambapo mzigo ni mwembamba, kama chini ya mguu wa kreni au ukingo wa kalvati, mlalo hauongezeki sana. Chukua kPa 38 wima na 8 tu mlalo: maji 18 dhidi ya 23.3. Hapo ni karibu theluthi nzima zaidi, na maji ndiyo yanayoiba nguvu ya udongo siku ya kwanza, kabla haujapata nafasi ya kujikaza. Ripoti ya namba moja itakuwa sawa pale ambapo hakuna anayeuliza, na itakosea pale kreni inaposimama.

Bado sijagusa upande usio wa springi. Mfinyanzi laini ukivuka mpaka wake unabonyea bila kurudi, na mpaka wenyewe umeinama kwa sababu ya historia ileile ya kulala. Wheeler na wenzake mwaka 2003, kwa mfinyanzi wa Finland, walitoa njia nzuri ya kuanzia: mwinamo wa mwanzo unatokana na pembe ya msuguano peke yake. Kwa digrii 30 napata 0.46. Nao wameuita mwinamo huo alfa. Ni alfa nyingine kabisa, haihusiani na ile ya 1983. Nimebandika karatasi juu ya skrini kujikumbusha.

Wiki ya 7

Uamuzi: nikate sampuli ya mlalo. Bomba moja limebaki, kipenyo cha ndani milimita 98. Sampuli ya 38 kwa 76 ikilala ndani yake, ulalo wa kona hadi kona ni 85, kwa hiyo kila kona iko milimita 6.5 kutoka kwenye chuma, mahali ambapo bomba liliukwaruza udongo likishuka. Siipendi hali hiyo. Wenye uwezo hutumia mashine ya Sherbrooke inayochonga bonge zima la milimita 250 bila kulisukumia bomba, kama walivyofanya kwenye mfinyanzi wa Bothkennar, Uskoti. Mimi nina bomba moja.

Tumelikata ubavuni kwa msumeno badala ya kuusukuma udongo utoke. Mama amechonga kwa waya wa gitaa uliofungwa kwenye fremu, polepole, akiwa ameshika pumzi. Kabla hajaanza alichora mshale kwa kalamu ya wino kwenye uso wa udongo kuonyesha juu ni wapi, kwa sababu sampuli iliyolala bila mshale ni tope tu. Kutoka bomba hilohilo, juu kidogo, amekata pacha wake wa wima.

Mpango ni kuzipitisha zote mbili njia moja, bomba la maji likiwa wazi, polepole, na kulinganisha ukakamavu kwenye mbonyeo uleule. Karatasi zitakuwa zilezile, mawe yaleyale, geji ileile, ili uongo wa kimo, kama upo, uwe kwenye pande zote mbili. Sampuli ya mlalo ikibonyezwa haitabaki duara. Itatanuka zaidi kwenye upande ulio wima ardhini kuliko ule mwingine, iwe kama yai. Nitaipima kwa kalipa ikitoka, hiyo peke yake itakuwa habari.

Kwenye ubao wa maabara nimeandika namba tatu: 1.43, 1.64, 1.86. Kila moja ina ν yake pembeni. Mimi nimechagua 1.64, nusu kwa hesabu na nusu kwa woga. Mama aliitazama sampuli ya mlalo dhidi ya mwanga wa dirisha, akaonyesha kidole kwenye mistari myembamba ya matope inayopita ndani yake, akazungushia chaki 1.86. Atakayeshindwa analeta chapati za maabara nzima.

Mashine zimewashwa saa kumi na nusu jioni. Usomaji wa kwanza ni kesho saa moja asubuhi.